Mathe, Bertha Benz na Plagi Nne

Mwaka jana mathe alilipa elfu sita kwa plagi nne za iridium ambazo hazikuwahi kuingia kwenye gari yake. Tumejua juzi Jumamosi, nje ya ploti yetu huku Zimmerman, mimi nikiwa nimeshika soketi ya kuazima na yeye amesimama hapo na leso yake kiunoni akiuliza, "Kwani ni hizi ndizo nililipa?"

Wacha nirudi nyuma kidogo. Gari ni Fielder, ile ya injini ya 1500, zimejaa Nairobi kama mawe. Mathe aliinunua na mkopo wa sacco na bado anaulipa. Mwaka jana ikaanza kutetemeka ikisimama kwenye taa, tukaipeleka gereji moja, sitaitaja. Fundi akafungua boneti, akaskiza, akasema plagi zimeisha. Lakini hakumwambia mathe. Aliniambia mimi. Mathe alipouliza swali akajibiwa, "Mathe, haya ni mambo ya injini, we pumzika tu hapo kwa kiti." Halafu akaendelea kunielezea, na mimi nikawa natikisa kichwa kama mtu anaelewa. Manze, sikuwa naelewa chochote. Mwenye gari na mwenye pesa amekaa kwa kiti cha plastiki, na anayeongeleshwa ni kijana asiyejua kitu, juu tu ni kijana. Risiti ikaandikwa plagi nne za iridium. Tukalipa, tukasema asante, tukaongeza ya soda.

Kitu kinanisumbua sio hata ule wizi. Ni venye ulikuwa rahisi. Plagi ni kitu unafungua kwa dakika chache, na sisi wawili tulikaa mita tatu kutoka hapo bila hata kusema "hebu tuone." Nikajiuliza hii woga ya boneti tuliitoa wapi. Nikaanza kusoma, nikapata kwamba plagi ni kati ya sehemu za injini zilizobuniwa kabisa ili zitoke. Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa hivyo swali likawa kubwa zaidi: ni lini mwenye gari alifukuzwa kutoka kwa boneti yake mwenyewe?

Kwa wale hawajawahi kuiona: plagi ni kidude cha urefu wa kidole, chuma chenye nyuzi za skrubu kwa nje, waya katikati, na kauri nyeupe ikizitenganisha, kauri ya ukoo mmoja na kikombe chako cha chai. Umeme unashuka na ule waya wa katikati, unafika mwisho, unakuta mwanya wa kama milimita moja, unaruka. Hiyo cheche ndiyo inawasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inaruka mara 25 kwa sekunde. Kwa sekunde. Ukiwa umekwama Thika Road unatukana matatu, hiyo kazi inaendelea tu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko gari. Mwaka wa 1860, Étienne Lenoir, Mbelgiji aliyekuwa akiishi Paris, alitengeneza injini iliyotumia gesi ya taa za barabarani na akaiwasha kwa cheche ya umeme. Lakini cheche ilikuwa kitu cha kigeugeu, na wengi hawakuiamini. Gottlieb Daimler, mmoja wa wakubwa wa hii historia, alipendelea kuchoma kibomba kidogo kwa moto mpaka kiwe chekundu, na kile kibomba ndicho kiwashe mafuta. Yaani jiko linawaka wazi, karibu na petroli, ndani ya chombo kinachotembea. Hebu fikiria hiyo kwa barabara zetu na bampu zake.

Karl Benz yeye alishikilia umeme, na hapo ndipo anaingia mke wake. Kama unajua jina moja tu kwenye hii story, ujue la Bertha. Kabla hata hawajaoana alikuwa ameweka pesa za mahari yake, ile mali ambayo kwao msichana alikuwa anatoka nayo kwa wazazi, ndani ya biashara ya Karl iliyokuwa inazama. Benz akapata hataza ya gari lake Januari 1886. Gari likawa hapo, halinunuliwi, watu wanaliogopa. Agosti 1888, bila kumwambia mzee, Bertha akawachukua vijana wake wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, wakaliendesha kutoka Mannheim mpaka Pforzheim kwa mamake. Zaidi ya kilomita 100. Hakuna mtu duniani alikuwa amewahi kuendesha gari safari kama hiyo.

Na hakukuwa na gereji. Wala petrol station. Mafuta yalipoisha alinunua kwa duka la dawa mji unaoitwa Wiesloch, juu yalikuwa yanauzwa kama dawa ya kusafishia nguo. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua na pini ya kofia yake. Waya wa ile mitambo ya cheche ukachubuka, ukawa unapoteza umeme, akaufunga na ule mpira wa kushikilia soksi mguuni. Breki zikaisha, akamtafuta fundi viatu azibandike ngozi. Kwa hivyo mtu wa kwanza kurekebisha umeme wa gari katikati ya safari alikuwa mama wa watoto, akitumia soksi. Nilipomsomea mathe hiyo alicheka, halafu akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Na mimi niliambiwa nikae kwa kiti."

Shida ya umeme wa wakati huo ni kwamba betri ilikuwa haichajiwi na injini. Inaisha tu, kama simu bila chaja. Robert Bosch, aliyefungua karakana yake Stuttgart mwaka wa 1886, akatengeneza magneto, kifaa cha sumaku kinachotoa umeme kutokana na mzunguko wa injini yenyewe. Ilikuwa poa, ila ule umeme ulikuwa na nguvu ndogo, kwa hivyo ndani ya silinda ilibidi kuwe na vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ndiyo cheche itokee. Vyuma vinavyotembea, ndani ya moto. Vinachakaa vibaya, na ukitaka kuvifikia una kazi ya siku.

Mwaka wa 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, akamaliza hiyo shida. Alitengeneza magneto ya umeme mkali kiasi cha kuruka mwanya peke yake. Hakuna chuma cha kugusana tena, hakuna kinachotembea. Kinachobaki ndani ya silinda ni ncha mbili tu zimetulia, na hizo ncha ziko kwenye kitu unachofunga na kufungua kama balbu. Hapa ndipo naomba tutulie, juu ni uamuzi mkubwa umejificha. Wahandisi walijua hakuna chuma kitavumilia hiyo kazi milele. Badala ya kupigana na hiyo, walichukua sehemu inayokufa wakaiweka mahali mkono wa mtu yeyote unafika. Injini nzima imefungwa, lakini hapo wakakuachia mlango.

Na kumbe mlango una biashara. Albert Champion alikuwa bingwa wa baiskeli kutoka Paris, alishinda mbio za Paris–Roubaix mwaka wa 1899, akaenda Marekani, na mwaka wa 1905 akawa na kampuni ya plagi Boston. Akagombana na washirika wake, akahamia Flint huko Michigan akaanza upya, lakini wale washirika wakabaki na jina. Kwa hivyo plagi zinazoitwa Champion sio zake tena, na zake zikawa AC, herufi za mwanzo za jina lake. Jamaa alinyang'anywa jina lake mwenyewe na bado akatajirika. Mwaka wa 1908 Henry Ford akaleta Model T, na zaidi ya milioni 15 zikatengenezwa mpaka 1927. Kila moja ina plagi nne. Hiyo ni milioni 60 kabla hata mtu mmoja abadilishe. Na gari lilikuja na vifaa vyake, spana ya plagi ikiwemo. Hakukuwa na swali la kama utafungua. Spana ilikuwa ndani ya bei.

Kuna kitu kingine cha Model T kilinifurahisha. Ilikuwa na koili nne, moja ya kila silinda, zimepangwa kwa kisanduku cha mbao mbele ya dereva. Baadaye Charles Kettering akaleta mfumo wa betri na koili moja inayogawia silinda zote, na dunia ikaishi nao miaka mingi sana. Halafu sasa fungua Fielder ya mathe: koili nne, moja juu ya kila plagi. Wazo la 1908 limerudi likiwa limevaa plastiki nyeusi, na mtu anakuambia hizi gari za kisasa huwezi zielewa.

Na msifikirie hii ilikuwa kazi ya wanaume peke yao mpaka sasa. Mwaka wa 1909, Dorothy Levitt, dereva wa mashindano huko Uingereza, alichapisha kitabu cha kuwafundisha wanawake kuendesha na kuielewa injini, na ndani yake akawashauri wabebe kioo cha mkono waone nyuma, wakati magari hayakuwa na kioo cha kuangalia nyuma. Vita vya pili, mwaka wa 1945, binti mfalme Elizabeth akapewa ovaroli ya jeshi akafundishwa udereva na umekanika. Ndio, huyo huyo. Alikuwa hapa Kenya, Treetops huko Nyeri, babake alipofariki Februari 1952, na mbio tunazoziita Safari Rally zilianza 1953 zikiitwa Coronation Safari kusherehekea kutawazwa kwake. Sio eti nawapigia hao watu debe, tunajua walichokuwa wakifanya Nyeri miaka hiyo hiyo. Nasema tu kwamba malkia alifunzwa kulala chini ya lori, na mathe akaambiwa akae kwa kiti.

Sasa tulipotea wapi? Jibu langu litawaudhi wengine: plagi ilikuwa nzuri sana.

Guka alikuwa na Datsun 1200 pikapu, Murang'a, ya kubeba majani ya ng'ombe na watu wa kanisa. Kila baada ya miezi kadhaa alikuwa anatoa plagi zote, anazisugua, anapima mwanya na kipande cha blade ya msumeno wa chuma, anarudisha. Wajomba wangu wote wanajua hiyo kazi, hata yule mwalimu wa dini. Hawakuwa wajanja kutushinda. Walilazimishwa na petroli. Mwaka wa 1921 Thomas Midgley, kwenye maabara iliyoongozwa na Kettering huyo huyo, aligundua kwamba ukitia risasi kwenye petroli injini inaacha kugonga. Na ni ile risasi ya chuma kizito, ile sumu inayoharibu akili za watoto. Tuliivuta kwa miongo, na mabaki yake yalikuwa yanaganda kwenye plagi mpaka cheche inapotea. Kwa hivyo kila mwenye gari, mwalimu, mkulima, pasta, alijua plagi juu plagi ilimtesa.

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka wa 2021, na tangazo la kwamba imeisha kabisa lilitoka hapa kwa UNEP, Gigiri. Ni moja ya habari nzuri zaidi ya maisha yetu na hatukuisherehekea hata siku moja. Wakati huo huo watengenezaji walikuwa wameanza kutia ncha za platinamu na iridium, madini magumu yasiyoyeyuka ovyo, na plagi iliyokuwa inadumu kilomita 15,000 au 20,000 ikafika 100,000. Poa sana. Lakini fanya hesabu. Gari ikitoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, ukaitumia kwa wastani, unaweza kaa miaka saba bila sababu ya kuigusa plagi. Unaweza kununua gari, kulea mtoto nalo, na kuliuza, bila kujua plagi inakaa wapi. Juu ya hiyo wakafunika injini na kifuniko cha plastiki. Ujuzi wa guka haukuibiwa na mtu. Ulikosa tu kutumika, kizazi kimoja, na kizazi kimoja kinatosha.

Pale ujuzi ulipobaki ni kwa jua kali. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo watu bado wanaiita Grogan kwa jina la mkoloni, utapata vijana wadogo kuliko mimi wanaokuambia shida ya injini kwa kuangalia rangi ya plagi. Ripoti ya ILO kuhusu Kenya mwaka wa 1972 ndiyo ilifanya wasomi wa dunia waanze kuongea kuhusu sekta isiyo rasmi, na ilikuwa inaongea kuhusu watu kama hao. Kwa hivyo msinisome vibaya, sisemi mafundi ni wezi. Fundi aliyetuibia ni mmoja. Wengi wanashikilia maktaba ambayo sisi wengine tuliichoma. Na watu wa boda pia, muulize yeyote, ana plagi ya akiba na spana yake chini ya kiti, na anabadilisha kando ya barabara huku abiria anaongea na simu. Shida ni sisi wa katikati. Tuna gari, hatuna mikono.

Basi, Jumamosi. Kabla mtu aniulize nimesomea uhandisi wapi: sijasomea. Niliacha chuo na kozi yangu haikuwa hata karibu na gari. Nilitumia soketi ya plagi ya namba 16 yenye mpira ndani, kirefusho, na spana ya 10.

Injini iwe baridi. Hii sio ushauri wa kuzunguka, kichwa cha injini ni cha aluminiamu na kikiwa moto unaweza kuharibu nyuzi zake, na hapo elfu sita itakuwa kumbukumbu tamu. Tukatoa kifuniko. Kila koili ina plagi ya umeme yenye kiklipu, na bolti moja ya 10. Unabonyeza klipu polepole, hizo plastiki zikizeeka zinavunjika ukizitazama vibaya. Unatoa bolti, unazungusha koili kidogo, unaivuta juu. Kabla ya kufungua plagi pulizia shimo, juu mchanga uliokaa hapo ukiachwa utaanguka ndani ya silinda. Halafu moja baada ya nyingine, sio zote mara moja, ndiyo usichanganye.

Ya kwanza ilipotoka hata mimi niliona. Plagi ya iridium ina ncha nyembamba katikati kama sindano nene. Hii ilikuwa nene, imeliwa pembeni imekuwa mviringo, na mwanya umepanuka karibu mara moja na nusu ya ule mpya. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa ya kampuni tofauti kabisa na zingine. Inaonekana jamaa alizisugua tu akazirudisha. Zote zilikuwa za rangi ya hudhurungi, ambayo ni habari njema: nyeusi ya masizi makavu ni petroli nyingi, nyeusi ya kuteleza ni oili inapanda, nyeupe ya malengelenge ni joto limepita. Injini ya mathe ni nzima. Ilikuwa inaomba plagi tu, mwaka mzima.

Mpya tulinunua za kawaida, sio iridium, nne chini ya elfu mbili, kutoka duka lenye risiti na sio meza ya kando, juu plagi feki ni biashara kubwa hapa. Zinaingia kwa vidole kwanza. Ukisikia inagoma, toa, anza upya, usilazimishe na spana. Ikifika mwisho kwa vidole, ongeza nusu mzunguko na spana, usizidi theluthi mbili, ile pete yake ibonyee, na uache. Vijana tunaharibu hapa, tunataka kukaza kama tunafunga mlango wa benki.

Tatu nilifanya mimi. Ya nne mathe akaniambia nisonge. Akaiingiza kwa vidole akiwa amefunga macho kabisa, mtu anayeshona nguo kwa miaka 20 anajua uzi ukikaa vizuri. Akarudisha koili, akabonyeza klipu mpaka ikalia, akaenda kuwasha. Gari ikatulia. Hakuna kutetemeka.

Akachukua zile plagi nne nzee, akazifunga kwa gazeti pamoja na ile risiti ya mwaka jana, akaziweka kwa dashibodi. Jumatatu anapita hapo gereji kabla ya kazi. Amesema twende pamoja, lakini mimi nikae kwa kiti.